Oksijeni Ndani ya Titani: Kiswahili Kifafanue Elimu, Kisiishie Kuorodhesha Istilahi

Katika ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kalokol, pana mahali paitwapo Kataboi. Mtu atokaye Lodwar kuelekea huko hupita nchi ya mchanga, mawe meusi na migunga, hata aone maji ya ziwa yakimeremeta mbele yake. Jina la Kataboi halitajwi sana mjini Nairobi, sembuse Dodoma au Kampala. Hata hivyo, kwa wanajiolojia wa dunia nzima jina hilo si geni. Walipoyagawa matabaka ya kale ya magharibi mwa ziwa hilo, mojawapo waliliita Tabaka la Kataboi. Ni katika tabaka hilo, mahali paitwapo Lomekwi, ambapo mwaka 1999 Justus Erus, wa kikosi cha watafiti kilichoongozwa na Meave Leakey, alipata fuvu lenye umri wa takriban miaka milioni 3.5. Fuvu hilo lilitangazwa mwaka 2001 kwa jina la Kenyanthropus platyops. Tena mwaka 2011, huko huko Lomekwi, yalipatikana mawe yaliyochongwa na mikono ya viumbe walioishi miaka milioni 3.3 iliyopita. Habari zake zilichapishwa mwaka 2015, na hadi leo hizo ndizo zana kongwe kuliko zote zijulikanazo duniani.

Wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Jina la Kataboi limekwenda tezi na omo, lakini elimu iliyosafiri nalo bado haijarejea ngamani. Mtoto wa mvuvi wa Kataboi atakayetaka kusoma habari za tabaka lililopewa jina la kwao hana budi kwanza akivuke kizingiti cha Kiingereza, na Kiingereza chenyewe cha kitaalamu. Na jambo hili halikuwapata watu wa Turkana peke yao. Katika pwani ya Kenya, kaunti ya Kwale, mchanga wenye madini ya titani ulichimbwa kwa zaidi ya miaka kumi. Shehena ya kwanza ilisafirishwa kupitia Likoni mwezi Februari 2014, na uchimbaji ukakoma mwezi Desemba 2024. Mchanga ulichujwa, ukatenganishwa ilmenaiti, rutaili na zirkoni, ukapakiwa melini ukaenda zake. Je, katika miaka yote hiyo, ni wapenzi wangapi wa Kiswahili walioketi wakaeleza, katika lugha ya Kwale yenyewe, titani ni kitu gani, hutolewaje katika mchanga, na kwa nini mataifa huitafuta?

Hoja ya makala haya ni kwamba upungufu mkubwa wa Kiswahili katika uwanja wa sayansi hauko tena katika istilahi. Istilahi nyingi zipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na maneno kama vile oksijeni, metali, atomi, aloi na fuwele hayamshangazi tena mwanafunzi wa Kiswahili. Kinachokosekana ni ufafanuzi: aya baada ya aya ya nathari safi inayoyafanya maneno hayo yafanye kazi. Istilahi iliyolala kamusini ni mfano wa jembe lisilo mpini. Lina makali, lakini halilimi.

Wapo wasomi wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba elimu ya ndani ya sayansi za kisasa. Dai hili halijibiwi kwa hotuba wala kwa maazimio ya makongamano. Hujibiwa kwa kutenda. Kwa hiyo na lichukuliwe jambo moja gumu, ambalo wanafunzi wa uhandisi hufundishwa vyuoni, lipimwe hapa: oksijeni huathiri vipi muundo na uimara wa titani na aloi zake?

Ufafanuzi mzuri huanzia kwa anachokijua msomaji. Mvuvi wa Kataboi anaijua kazi ya oksijeni hata kama hajawahi kuitaja kwa jina. Maji ya Ziwa Turkana yana chumvi na magadi, na ndoana ya chuma iliyosahauliwa ufukweni haichukui muda kabla ya kuvaa kutu. Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni mbele ya maji. Nayo haina huruma: humeguka, ikaanguka, ikaacha chuma kipya wazi, nacho kikaliwa vilevile, hata ndoana ikaisha. Kwa mvuvi huyo, oksijeni ni adui atokaye nje.

Kwa mhunzi, mambo ni tofauti kidogo. Mawe ya chuma yachimbwayo ardhini ni chuma kilichokwisha kufungamana na oksijeni tangu zamani. Kazi ya tanuri ni kuwatenganisha wawili hao. Makaa yanapoungua huku mvukuto ukipuliza, kaboni huipora oksijeni kutoka kwenye mawe, na chuma hubaki. Waafrika wa Mashariki waliijua kazi hii barabara. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walieleza jinsi wafuaji wa Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, walivyoweza tangu kale kuzalisha chuma chenye kaboni, yaani pua, katika matanuri yao yaliyopulizwa kwa mivukuto.

Sasa titani. Metali hii iligunduliwa na William Gregor huko Cornwall, Uingereza, mwaka 1791, akiitoa katika mchanga mweusi. Mwaka 1795 Martin Heinrich Klaproth wa Ujerumani aliipa jina la Matitani, majitu ya ngano za Wayunani. Kwa uzito, titani ni zaidi kidogo ya nusu ya chuma, na huyeyuka kwenye nyuzijoto 1668 za Selsiasi. Ndani ya mchanga, kama ule wa Kwale, imeshikana na oksijeni. Mhunzi angedhani kwamba makaa na mvukuto vingetosha kuitenga. Havitoshi. Titani huishika oksijeni kwa nguvu kuliko chuma kiishikavyo, na ikilazimishwa kuiachilia kwa makaa, huungana na kaboni yenyewe. Zaidi ya hayo, titani ya moto huvuta oksijeni ya hewani kama mchanga mkavu unavyovuta maji. Mvukuto ambao ni rafiki wa mfua chuma ungekuwa mharibifu wa mfua titani.

Ndiyo sababu zaidi ya miaka mia moja ilipita tangu titani igunduliwe hadi ipatikane ikiwa safi. Mwaka 1910 Matthew Hunter, nchini Marekani, aliipata kwa kutumia sodiamu. Baadaye, katika miaka ya 1930, William Kroll wa Luxembourg alitumia magnesi. Njia ya Kroll ndiyo inayotumika zaidi hata leo: madini huunganishwa kwanza na klorini yakawa kimiminiko, kisha klorini hiyo huporwa na magnesi iliyoyeyushwa, ndani ya chombo kilichojazwa gesi ya argoni ili hewa isiingie. Kinachobaki ni titani yenye matundu mithili ya sifongo. Gharama ya kuikimbia oksijeni ni sehemu kubwa ya sababu ya titani kuwa ghali ingawa mchanga wake si haba.

Lakini oksijeni haikimbiwi yote. Kiasi kidogo hubaki, na hapo ndipo habari yenyewe inapoanza. Oksijeni hii haikai juu ya titani kama kutu. Huingia ndani, ikajificha katikati ya atomi za titani.

Atomi za metali hazikutupwa ovyo kama mawe ya njia ya Lodwar. Zimepangika. Katika joto la kawaida, atomi za titani hukaa katika matabaka, kila atomi ikizungukwa na wenzake sita katika tabaka lake, na tabaka moja likilala juu ya jingine kwa zamu. Mpangilio huu huitwa alfa. Titani safi ikipashwa moto kupita nyuzijoto 882, mpangilio hubadilika: atomi hujipanga katika pembe nane za mchemraba, na moja ikakaa katikati. Huu ndio uitwao beta. Katika mpangilio wa alfa kuna vijumba vidogo vilivyo wazi, kila kimoja kikiwa kimezungukwa na atomi sita za titani. Atomi ya oksijeni ni ndogo, nayo hujipenyeza humo. Kwa kuwa kijumba hakimtoshi mgeni huyu sawasawa, majirani husukumwa kidogo, na mpangilio mzima ukavutika. Oksijeni huupenda mpangilio wa alfa. Kadiri inavyozidi, ndivyo joto la kugeuka kuwa beta linavyopanda.

Hilo lina uhusiano gani na uimara? Mtu akitaka kulivuta jamvi kubwa lililotandikwa ukumbini, atapata taabu kulisogeza lote kwa mara moja. Lakini akiinua mkunjo upande mmoja, kisha akausukuma mkunjo huo hadi upande wa pili, jamvi zima litakuwa limesogea kwa nguvu kidogo. Metali hupindika kwa njia hiyo hiyo. Matabaka ya atomi hayatelezi yote pamoja. Ndani yake mna mikunjo inayosafiri, na kila mkunjo unapopita, tabaka huwa limesogea hatua moja. Metali ambayo mikunjo yake husafiri kwa urahisi hupinda na kurefuka kwa urahisi. Atomi ya oksijeni iliyoketi kijumbani ni sawa na jiwe lililo chini ya jamvi: mkunjo ukifika hapo, hukwama. Ili usonge mbele, nguvu zaidi zahitajika. Metali, basi, imekuwa imara zaidi. Lakini mikunjo ikikwama yote na nguvu ikazidi kuongezwa, metali hukosa njia ya kupinda, na isipoweza kupinda, huvunjika.

Takwimu zinalionyesha jambo hili waziwazi. Titani isiyochanganywa na metali nyingine huuzwa kwa madaraja manne, na kinachoyatofautisha hasa ni kiasi cha oksijeni, ijapokuwa kiasi cha chuma nacho huongezeka kidogo. Daraja la kwanza haliruhusiwi kuzidisha asilimia 0.18 ya oksijeni. La pili, 0.25, la tatu, 0.35, na la nne, 0.40. Uimara wa kuhimili mvuto usiopungua kwa madaraja hayo ni megapaskali 240, 345, 450 na 550. Kwa lugha ya sokoni, waya wa daraja la kwanza wenye eneo la milimita moja ya mraba ukikatwa kichwani ungehimili kuning'inizwa kilo 24 hivi, uzito wa mbuzi mmoja wa wastani. Waya wa daraja la nne wenye ukubwa ule ule ungehimili kilo 56, yaani mbuzi wawili na ziada. Tofauti kati ya waya hizo, kwa upande wa oksijeni, ni takriban sehemu mbili katika elfu moja. Lakini kuna kinacholipwa. Daraja la kwanza laweza kurefuka kwa asilimia 24 kabla ya kukatika, ilhali la nne hudhaminiwa asilimia 15 tu. Oksijeni katika titani ni kama chumvi katika mchuzi: ikikosekana chakula huchapwa, ikizidi hakiliki.

Kanuni hiyo hiyo huhukumu aloi. Aloi ya titani itumikayo zaidi duniani huwa na asilimia 6 ya alumini na asilimia 4 ya vanadi. Alumini huutegemeza mpangilio wa alfa, vanadi huutegemeza ule wa beta, na mipangilio yote miwili huishi ndani ya kipande kimoja. Katika daraja la kawaida la aloi hii, oksijeni haipaswi kupita asilimia 0.20. Lakini pale ambapo kuvunjika ni jambo la kufa na kupona, kwa mfano katika vipandikizi vinavyowekwa mifupani, lipo daraja jingine ambamo oksijeni haipaswi kupita asilimia 0.13. Huko uimara kidogo hutolewa sadaka ili kipandikizi kisivunjike ghafla.

Fundi wa kuchomelea wa Kakuma atalifahamu somo linalofuata upesi kuliko mwanafunzi wa chuo kikuu. Titani ikichomelewa mahali ambapo argoni haikuikinga vyema, rangi husema. Mshono ukibaki na rangi ya fedha, ni salama. Ukiwa na rangi ya majani makavu, hewa imeingia kidogo. Ukiwa wa buluu, imeingia zaidi. Ukiwa wa kijivu na unga mweupe, umeharibika. Vilevile, titani ikikaa katika hewa yenye joto la nyuzi mia kadhaa, oksijeni hupenya kutoka juu kwenda ndani na kuumba gamba gumu la alfa lisilopinda. Kipande hicho kikitumiwa kama kilivyo, ufa huanzia kwenye gamba, kisha ukatambaa hadi moyoni. Ndiyo maana viwandani gamba hilo huchongwa au huliwa kwa asidi kabla ya kipande kutumika.

Na bado, oksijeni hiyo hiyo ndiyo mlinzi wa titani. Katika joto la kawaida, uso wa titani hufunikwa na utando mwembamba mno wa oksidi, ambao unene wake ni nanomita chache tu. Utando huo haumeguki kama kutu. Ukikwaruzwa hujirudisha papo hapo maadamu oksijeni ipo. Ndoana ya titani ingeachwa katika ufuo wa Kataboi mwaka mzima isiliwe na magadi. Kwa hiyo, oksijeni iliyo juu ya titani hulinda, iliyo ndani kwa kiasi huimarisha, iliyozidi huvunja. Mwaka 2023 watafiti wa vyuo vikuu vya Australia na Hong Kong walitangaza aloi za titani, oksijeni na chuma zilizochapwa tabaka kwa tabaka kwa mashine, ambazo zina uimara mkubwa bila kupoteza uwezo wa kurefuka. Oksijeni na chuma, vilivyohesabiwa kwa miaka mingi kuwa uchafu wa kuepukwa, viligeuzwa kuwa viungo vya makusudi.

Hadi hapa, na liulizwe swali la lugha. Ni maneno mangapi yaliyokopwa ili kueleza yote hayo? Ni machache: majina ya elementi na madini, pamoja na atomi, aloi, oksidi, alfa, beta na vipimo. Kazi nyingine yote imefanywa na maneno ya Kiswahili cha kila siku: kutu, mvukuto, jamvi, mkunjo, kijumba, gamba, utando, ufa, mshono. Wanaodhani kwamba kila neno la sayansi lazima litungiwe istilahi mpya, na wanaodhani kwamba bila Kiingereza hakuna sayansi, wote wawili wamekosea mahali pamoja. Wote huitazama lugha kuwa ghala la majina, wakasahau kwamba ni mtambo wa kusimulia.

Hata hivyo, zoezi hili linafichua udhaifu wa kweli ambao wana fasihi hawana budi kuukiri. Katika uandishi wa kifasihi, nguvu, ugumu, uimara na ukakamavu hutumiwa kana kwamba ni neno moja, na mwandishi husifiwa kwa kuyabadilisha ili asirudierudie. Katika sayansi, tabia hiyo huleta maafa. Ugumu ni uwezo wa kitu kutokwaruzwa wala kubonyezwa. Uimara ni uwezo wa kuhimili mzigo. Ukakamavu ni ukaidi wa kukataa kupinda mzigo unapowekwa. Kitu chaweza kuwa kigumu sana na bado kikavunjika kama chungu. Daraja la nne la titani limelipita la kwanza kwa uimara bila kulipita kwa kila sifa. Mwanafunzi asiyezoezwa kuitenga sifa moja na nyingine katika Kiswahili atasema kwamba oksijeni "huipa titani nguvu", na atakuwa amesema nusu tu ya ukweli.

Jambo la kutia moyo ni kwamba lugha yenyewe imekwisha kuuandaa msingi. Vitenzi vya Kiswahili hupambanua mno. Kamba hukatika, chungu huvunjika, ukuta hupasuka, bati hubonyea, fimbo mbichi hupinda, ngozi hunyumbuka, karatasi hukunjika. Hakuna mzungumzaji mahiri atakayesema kamba imevunjika. Kila kitenzi kati ya hivyo kina maelezo ya kimekanika ndani yake. Hazina hii haikuundwa na kamati yoyote. Iliundwa na wavuvi, wahunzi, mafinyanzi na washona ngozi. Kazi ya msomi wa leo ni kuiratibu, na anayefaa kuianza ni mwanafunzi wa Kiswahili, kwa kuwa yeye ndiye aliyezoezwa kusikia tofauti ndogo za maana.

Zipo pingamizi mbili zinazostahili heshima. Ya kwanza husema kwamba mitihani na ajira vimo katika Kiingereza, hivyo kumfundisha kijana sayansi kwa Kiswahili ni kumpotezea wakati. Jibu ni kwamba hapa hakuna anayependekeza Kiingereza kifukuzwe. Mwanafunzi aliyeelewa kwanza kwa lugha aimudu kwamba mkunjo hukwama penye oksijeni, hatahangaika kukariri sentensi ya Kiingereza asiyoielewa. Elimu iliyoeleweka huhama kutoka lugha moja hadi nyingine, lakini iliyokaririwa hufa siku ya mtihani.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Lugha ya kwanza ya mtoto wa Kataboi ni Kiturkana, wala si Kiswahili. Je, kumletea sayansi kwa Kiswahili si kumwongezea mlima wa pili baada ya ule wa Kiingereza? Swali hili halifai kupuuzwa na wapenzi wa Kiswahili walio pwani na mijini, ambao mara nyingi hudhani kwamba kila palipo na bendera ya Kenya au Tanzania pana Kiswahili nyumbani. Ukweli ni kwamba katika Turkana, Kiswahili ni lugha ya njia na soko. Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, Kiswahili huwasaidia Mkongomani, Mrundi, Msomali, Msudani Kusini na Mturkana kuuziana na kuombana msaada. Lugha ya namna hiyo ina haki ya kubeba elimu kwa sababu tayari imebeba maisha. Lakini ina deni pia. Kiswahili kikitaka kupokelewa Kataboi kama lugha ya maarifa, hakina budi kukubali kupokea: maneno ya Kiturkana ya mifugo, ya ziwa, ya mawe na ya vyuma yaingie katika kamusi na katika nathari, kama yalivyoingia maneno ya Kiarabu, Kihindi na Kireno. Mwalimu wa Turkana naye asione haya kuanza somo kwa Kiturkana, akavuka kwa Kiswahili, na kufika Kiingereza mwanafunzi akiwa bado yu pamoja naye.

Nini kifanyike, basi? Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, ambavyo kila mwaka hukutana kujadili ushairi, riwaya na sarufi, vitenge kurasa katika majarida yao kwa ufafanuzi wa mambo ya sayansi, jambo moja kwa toleo moja, kwa nathari iliyo kamili. Mwanafunzi wa fasihi aketi na mwanafunzi wa fizikia, mmoja akilinda usahihi wa jambo, mwingine usahihi wa neno. Kisha makala isomwe kwa sauti mbele ya mtu wa kazi: mchomeleaji, mvuvi, muuguzi. Pale atakapokunja uso, paandikwe upya. Mhadhiri naye aipe kazi hiyo alama sawa na uchambuzi wa riwaya, kwani haina wepesi wowote kuizidi ile.

Mgodi wa Kwale umekwisha kufungwa. Sehemu kubwa kabisa ya madini ya titani duniani hugeuzwa kuwa rangi nyeupe ya kutia katika rangi za kuta, karatasi na plastiki. Sehemu ndogo tu ndiyo huwa metali. Hapana ajuaye ukuta gani, katika nchi gani, una weupe uliotoka Kwale. Mchanga huo hautarudi tena. Lakini maarifa ya mchanga huo hayakupakiwa melini yakaisha. Bado yanaweza kuandikwa, na kuandikwa kwake hakuhitaji leseni ya uchimbaji.

Kataboi nayo ingali ina mawe na majivu ya volkeno, na watafiti wangali wanakuja. Majivu hayo hutambuliwa kwa kupimwa viungo vyake vya kikemia, na oksidi ya titani ni mojawapo ya vinavyopimwa. Titani na oksijeni, basi, zimo chini ya nyayo za mtoto wa Kataboi kila aendapo kuteka maji. Iwapo atakua akijua jambo hilo, na kulijua kwa maneno anayoweza kumweleza mdogo wake, ni juu ya wale ambao hivi leo wamekaa madarasani wakisomea Kiswahili.